Kufuli la Bomba

Katika wodi ile ya wanaume watu arobaini na mmoja walikuwa na presha moja. Asubuhi mia na ishirini kwa themanini, jioni mia na ishirini kwa themanini, Jumapili na sikukuu vilevile. Mzee wa miaka sabini aliyepanda ngazi tatu akihema, na kijana aliyelala tangu juzi kwa nguvu za sindano, wote mia na ishirini kwa themanini. Ungesoma kitabu cha ripoti ungedhani ni kikosi cha wanariadha kilicholetwa pale kupumzika. Mwisho wa kila mstari palikuwa na safu iliyoandikwa "Hali ya mwili", na ndani yake neno moja tu, nzuri, likishuka kutoka juu ya ukurasa mpaka chini kwa mwandiko wa aliye zamu.

Mwandiko mzuri kuliko yote ulikuwa wa Sista. Wauguzi wa kike wote pale waliitwa masista, lakini ukisema Sista tu, bila la kuongeza, kila mtu alijua ni nani. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika wodi ya wagonjwa wa akili, na hakuwa mvivu. Hilo nalisema mapema, maana ni rahisi kusikia habari za vipimo vya kubuni ukamwita mtu mvivu ukaenda zako. Aliwajua wagonjwa wake mpaka majina ya mama zao. Alijua nani akianza kusikia sauti kichwani hutulia ukimpa shuka akunje, na nani usimguse bega ukitokea nyuma yake. Dawa ambayo wanaume watatu walishindwa kumlazimisha mtu ameze, yeye alimbembeleza akaimeza na maji juu, kisha wakacheka wote wawili. Vichwa vya watu wale alivijua ndani nje. Kuanzia shingoni kushuka chini alikuwa mgeni, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Sasa hilo kufuli. Miaka sita nyuma palikuwa na mgonjwa waliyemwita Kondakta, kwa sababu siku nzima alitangaza vituo. Huyu alikunywa maji. Hakuwa na kiu, ugonjwa ndio uliomwambia aoshe tumbo, naye akaosha, akaosha, mpaka mchana mmoja akaanguka na degedege chini ya bomba la uani na kufa kabla hawajamgeuza ubavu. Wako wagonjwa wa akili wanaokunywa namna hiyo, na maji yakizidi mno mwilini yanaua kweli. Sista alilia siku mbili. Siku ya tatu alifanya jambo ambalo wakubwa wake hawakulifikiria: alikaa chini akaandika utaratibu. Mgonjwa akionekana anakunywa kupita kiasi, apimwe uzito asubuhi na jioni. Uzito ukipanda ghafla, ndipo ijulikane maji yanamjaa, na ndipo azuiwe, apewe kikombe kwa saa maalumu. Bomba la uani likatengenezewa sanduku la chuma lenye kufuli, na bafu likawa linafungwa baada ya saa za kuoga. Hakufa tena mtu kwa maji. Sista akaandikiwa barua ya pongezi, akaitia fremu, akaitundika sebuleni kwake juu ya redio.

Mwaka wa pili mizani ikaharibika. Kwanza ilikwisha betri, halafu kioo kikapasuka, halafu ikapelekwa stoo "kwa muda". Utaratibu ule ulikuwa na miguu miwili, mizani na kufuli. Mguu mmoja ukakatika na hakuna aliyeona kwamba unachechemea, kwa sababu kufuli halihitaji betri.

Mgonjwa waliyemwita Seremala aliletwa pale mwanzoni mwa mwaka wa sita. Alikuwa fundi wa milango, na fundi hasa. Siku moja alichukua shoka akavunja milango yote minne ya nyumba waliyokuwa wakiishi yeye na dada yake, milango aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akidai mna watu ndani ya mbao. Dawa zilimfaa. Mwezi wa tatu wale watu wa ndani ya mbao walikuwa wamehama, na Seremala alikuwa akizunguka wodini akipapasa viunzi vya madirisha na kumtukana aliyevipigilia. Ila dawa zile zina tabia ya kumfanya mtu ale bila kushiba. Seremala akajaa mashavu, tumbo likatangulia mbele, shingo ikapotea. Wote wakafurahi. "Amenawiri huyo!" walisema masista wakipita. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa mshonaji, na kila Alhamisi ya kutembelea wagonjwa alikuja na tepu yake ya kupimia imening'inia shingoni. Alipanua suruali za mdogo wake mara tatu, na kila mara alimshukuru Mungu. Kupima kingine chochote hakuna aliyepima.

Mwezi wa nane Seremala akaanza kunywa maji.

Sista ndiye aliyemwona wa kwanza, amekaa chini ya bomba la uani saa ya kufua, mdomo wazi, maji yakimmwagikia kifuani. Alimwona Kondakta palepale, viatu vile vile vya plastiki, na hakusubiri kuona zaidi. Aliingia ofisini akamwambia msimamizi wa wodi, mwanamume aliyeipenda fomu kuliko chakula, ambaye wauguzi walimwita Bwana Utaratibu asipokuwepo.

"Tunaye mwingine," Sista alisema.

"Basi utaratibu wako unajulikana, mama. Funga."

"Mizani je?"

"Mizani iko stoo. Tusubiri mizani mpaka aanguke?"

Haikuwa hoja ya kijinga. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Sista alifunga bomba, akatia ufunguo mfukoni mwa gauni lake, na tangu siku hiyo Seremala akawa anapata kikombe saa nne, kikombe saa saba, kikombe saa kumi, na kikombe cha kumezea dawa. Akaandika kwenye faili: "Anakunywa maji kupita kiasi. Amewekwa kwenye utaratibu." Na kwenye kitabu cha ripoti mkono, kwa mazoea yake, ukaenda wenyewe mpaka mwisho wa mstari ukaandika nzuri.

"Sista, nakauka," Seremala alimwambia siku ya tatu. Alikuwa amemfuata mpaka mlango wa chumba cha dawa.

"Umekunywa saa nne, fundi. Saa saba si mbali."

"Koo limekuwa kama limepigwa msasa. Nitemee hata mate, basi."

"Ni ugonjwa unakudanganya, baba. Nikikuachia utaanguka kama mwenzako. Unataka nikuzike?"

"Ugonjwa naujua mimi. Ule ulikuwa unasema na mimi. Hii haisemi, inaunguza tu."

Sista alimshika mkono akamrudisha kitandani. Alimpenda mgonjwa yule, na alimnyima maji kwa upendo wote. Jioni aliandika: "Analalamika moto mwilini." Aliyesoma hapo baadaye alidhani ni wale watu wa ndani ya mbao wameanza kurudi, akapendekeza dawa iongezwe. Ikaongezwa.

Wiki ya pili walimkuta amepiga magoti chooni, kichwa ndani ya ndoo ya kupigia deki. Alikuwa ameinywa nusu, maji meusi yenye sabuni. Sista alimnyang'anya ndoo na kumfokea kwa sauti ambayo wodi nzima iligeuka kuisikiliza, na Seremala akamtazama huku povu limemshika kidevuni. Lililomuuma Sista wakati ule ni kwamba mgonjwa wake amejidhalilisha. Kwamba mtu mwenye akili zake kidogo hafiki kwenye maji ya deki bila sababu, hilo halikumjia. Bwana Utaratibu alitikisa kichwa. "Ukimlegezea huyu, mama, tuna maiti." Ndoo za deki nazo zikaanza kufungiwa.

Alhamisi iliyofuata dada mshonaji alibisha mlango wa ofisi baada ya kumwona mdogo wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye adabu nyingi, wa aina ya kuomba radhi hata kwa kuketi.

"Sista, samahani kwa usumbufu. Mdogo wangu amepungua."

"Alikuwa amezidi, dada. Kupungua si kubaya."

"Ni kweli, alikuwa amezidi. Lakini mwezi huu nimempunguzia suruali mara mbili, na leo imeanguka tena. Inchi tano, Sista. Mimi sikisii, ndiyo kazi yangu. Mtu anayekula vizuri hawezi kuisha inchi tano kwa mwezi."

"Anakula?"

"Anakula kuliko mimi na wewe. Anakula na anaisha. Na analala tu, mtu ambaye hakuwa wa kulala."

"Dawa yake imeongezwa. Usingizi ni wa dawa."

Dada alinyoosha tepu yake, akaikunja, akaitia mkobani. "Basi mimi sijasoma mambo yenu," alisema. "Nimeona tu niseme." Akashukuru, akaaga. Mshonaji yule alikuwa amemletea mizani mlangoni, mizani nzima yenye inchi na tarehe, na Sista akampa kisogo. Inchi zile zilimsumbua njiani akienda nyumbani, na zilimsumbua akipika. Asubuhi kulikuwa na mgonjwa mpya anayepiga mayowe, zikamtoka.

Jumanne Seremala alikojoa kitandani, na haikuwa mara ya kwanza. Siku hiyo magodoro manane yalitolewa uani yaanikwe juani, yamepangwa ukutani, maana wa kukojoa hakuwa yeye peke yake. Saa nne kasorobo Sista alitoka kuyageuza. Akaona mstari wa sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ufa wa sakafu, wakapita chini ya godoro la kwanza bila kulijali, wakapita la pili, la tatu, wakafika la Seremala, na hapo walikuwa wamejaa tele. Doa lote lilikuwa jeusi na linatembea.

Sista alisimama. Bibi yake mzaa mama alikufa na kisukari, na akiwa mtoto aliwahi kuambiwa angalia pale bibi alipokojoa, sisimizi wamekuja kula sukari. Na miaka mitatu ya chuo alikuwa amefundishwa hayohayo kwa maneno ya maana zaidi: kiu isiyokatika, mkojo usiokwisha, kula huku mtu anaisha. Mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyataja kwa vidole vitatu. Alihesabu siku tangu afunge bomba. Siku ishirini na tatu.

Kisha akakimbia. Seremala alikuwa amelala ubavu kitandani, anahema kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyetoka kubeba mbao, na pumzi yake ilinukia utamu wa matunda yaliyoiva kupita kiasi. Sista alitoa ufunguo mfukoni. Alirudi uani akafungua kufuli la bomba. Alijaza kopo zima mpaka likafurika, akamrudia kitandani, akamwinua kichwa.

"Kunywa, baba. Kunywa yote."

Seremala alionja, akatapika, akageuza uso ukutani.

Wodi haikuwa na kipimo cha sukari. Kulikuwa na dawa za kutuliza za rangi zote, kulikuwa na mikanda ya ngozi ya kufungia watu, lakini kifaa kinachotosha kiganjani cha kupima tone la damu hakikuwepo, wala hakuna aliyewahi kukiagiza. Sista alivuka ua mpaka wodi ya wazazi kuazima. "Kha! Wale wenu nao wana sukari?" mwenzake wa kule alimtania. Sista alikipokea. Alirudi, akamchoma Seremala kidole, akasubiri. Kifaa hakikutoa namba. Kiliandika kwamba sukari imepita pale kinapoweza kusoma.

"Rufaa inataka sahihi ya daktari," Bwana Utaratibu alisema. "Na daktari anapita Ijumaa."

"Ijumaa atasaini cheti cha kifo. Nipe simu."

Daktari alikubali kwenye simu. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka, wakampakia Seremala kwenye gari la nguo za kufua, kati ya mafurushi ya shuka, na Sista akakaa naye huko nyuma akimshikilia asibiringike. Saa sita walikuwa kwenye chumba cha dharura cha hospitali kuu.

Daktari wa zamu alikuwa kijana nadhifu, macho mekundu kwa uchovu. Alisoma jalada la faili, hakulifungua.

"Huyu ni wa kwenu."

"Ni wa kwetu na ana kisukari. Sukari imepita kipimo. Nimempima mwenyewe."

"Mbona anahema hivyo? Amechachamaa. Mpeni sindano ya kumtuliza kwanza, halafu tutamwona."

"Hajachachamaa, daktari. Ni sukari ndiyo inamhemesha. Ukimtia usingizi hataamka."

"Wewe ni muuguzi wa wapi?"

"Wodi ya akili."

"Basi mama, shughulika na akili utuachie sisi mwili."

Sista alimtazama. Alitamani kumchukia, na hakuweza hata hilo, kwa sababu maneno yale alikuwa ameyaishi yeye mwenyewe tangu kijana huyu yuko shule ya msingi. Aliweza tu kusimama kati ya machela na trei ya sindano, na hapo akasimama. Sindano haikuchomwa. Lakini mgonjwa naye hakuonwa. Walimsogeza ukutani, wakamfunga kifundo cha mkono kwa bandeji "kwa usalama", na watu wenye vichwa vizima wakatangulizwa, mmoja baada ya mwingine: aliyejikata na kisu cha jikoni, mwenye homa, aliyeteguka mguu. Sista alikwenda dirishani mara nne. Mara ya nne waliacha kumjibu.

Saa tisa muuguzi mmoja wa pale, mwanamke wa makamo ambaye mchana wote hakuwa amesema neno, alikuja na kipimo chake bila kutumwa. Alichoma kidole, akasoma, akamtazama Sista, na hapohapo akapaza sauti. Ndipo dripu zikaja, mbili kwa mpigo. Ndipo kijana nadhifu akaja mbio, akambana Seremala ngozi ya mkono, na ngozi ikabaki imesimama vile alivyoiacha.

"Amekauka kabisa," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Figo zinakwenda. Sukari peke yake haimkaushi mtu hivi, wenye sukari hunywa maji yakawaokoa. Huyu hakuwa na kiu? Hamkuona ana kiu?"

Sista angeweza kusema hapana. Mgonjwa wa akili, nani angejua? Nusu ya jibu ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Tuliona," alisema.

"Mkafanya nini?"

"Tulifunga bomba."

Muuguzi wa makamo aliacha kufungua dripu.

"Nani alifunga?"

"Mimi."

Seremala alikufa kesho yake saa nane mchana, bila kufungua macho.

Bwana Utaratibu alimwita ofisini Alhamisi asubuhi, akafunga mlango, akafungua kitabu cha ripoti juu ya meza. Alikuwa ameweka vipande vya karatasi kwenye kurasa ishirini na tatu.

"Nasikia ulijipalia makaa kule hospitali kuu. Bahati yako hawakuandika. Sasa nisikilize. Hapa, tangu tarehe ile mpaka Jumatatu, hali ya mwili nzuri, presha mia na ishirini kwa themanini. Mwandiko wako wote. Mtu alikuwa mzima, akaugua Jumanne ghafla, ukampeleka haraka. Kitabu kinakulinda, mama. Kinatulinda sote. Wewe nyamaza tu."

Na ni kweli, kitabu kilimlinda. Uongo wake mwenyewe, ulioandikwa kwa mwandiko mzuri, ulisimama mbele yake kama askari. Sista alimwambia Bwana Utaratibu kwamba anaazima kipimo cha sukari na mashine ya presha, na kwamba akitaka kumzuia aandike barua. Bwana Utaratibu hakuandika. Siku mbili Sista alipita kitanda kwa kitanda, akapima watu arobaini mmoja mmoja, akaandika kilichoonekana. Wenye mia na ishirini kwa themanini walikuwa wawili. Yule mzee wa ngazi alikuwa na mia na tisini na nane juu. Watatu walikuwa na sukari. Mmoja, alipovuliwa soksi aliyoing'ang'ania miezi, alikuwa na kidonda kisiginoni kinachoonyesha mfupa. "Sikusema kwa sababu mngesema ni ugonjwa," alimwambia Sista, bila ubaya wowote.

"Umetuongezea kazi," Bwana Utaratibu alisema alipoona orodha. Alisaini rufaa zote tano hata hivyo, na mizani ikatolewa stoo kutafutiwa fundi. Watu wale walitibiwa, na huenda wako watakaoishi miaka kwa sababu ya siku mbili zile. Sista hakupata faraja. Kazi nzima ilimchukua dakika sita kwa mgonjwa. Alikuwa ameketi wodini miaka kumi na tisa na dakika sita hizo hakuwahi kuzikosa hata siku moja, alikuwa nazo za kunywa chai.

Dada mshonaji alikuja Alhamisi iliyofuata kuchukua nguo za marehemu. Alikuwa amevaa nyeusi aliyoishona mwenyewe, na tepu haikuwa shingoni. Sista alimkabidhi mfuko, na yule mama, badala ya kuupokea, alimshika mikono yote miwili.

"Nimeambiwa yote, Sista. Muuguzi mmoja wa kule hospitali kuu aliniambia kwamba wewe ulisimama ukapigana na daktari kwa ajili ya mdogo wangu, walipotaka kumwacha. Kwamba ulikuja naye kwenye gari la nguo umempakata. Sina cha kukulipa. Mungu akulipe."

Kumbe yule muuguzi wa makamo alikuwa amechagua la kusema na la kuacha. Mlango huo wa kutorokea nao ulikuwa wazi, na kupita humo kulihitaji neno moja tu, ahsante. Sista alitoa mikono yake taratibu.

"Keti, dada."

"Nina haraka kidogo, kuna watu nyumbani."

"Keti, tafadhali. Mdogo wako alikuwa na kiu siku ishirini na tatu. Haikuwa wazimu, ilikuwa kisukari. Mimi nilidhani ni wazimu. Mimi ndiye niliyemfungia maji. Aliniomba, akaniomba, nikamnyima."

Dada aliketi. Alifungua mfuko, akatoa suruali iliyokuwa juu, ile aliyoipunguza mara ya mwisho, akaiweka magotini na kuanza kuikunja kwa kufuata mshono, polepole. Sista alisubiri apigwe. Angeshukuru kupigwa.

"Kumbe alikuwa anasema kweli," dada alisema.

Sista hakuelewa.

"Aliniambia. Kila nilipokuja. Dada, Sista ananinyima maji. Nikamwambia aache kukusingizia, wewe ndiye mtu mwema kuliko wote hapa. Alhamisi ile ya mwisho alinishika gauni, hataki kuniachia, nikambandua vidole kimoja kimoja. Nikamwambia, ukiendelea na uongo huu nitakusemea kwa Sista."

Aliikunja suruali ikawa ndogo kiasi cha kuenea kiganjani, na bado akawa anatafuta pa kuikunja.

"Nilikuwa na chupa ya maji mkobani," alisema. "Imejaa. Nilirudi nayo nyumbani."